Polipu ya duodeni inayoweza kugeuka saratani: ichunguzwe vipi, iondolewe vipi?

Swali: "Daktari, nina umri wa miaka 47. Nilipimwa kwa kamera ya tumboni kwa sababu ya kiungulia cha muda mrefu. Tumbo lilikutwa salama, lakini mbele yake, kwenye sehemu ya pili ya duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo), ilionekana polipu (kinyama kilichoota) bapa ya milimita 14. Majibu ya maabara yanasema ni adenoma yenye displasia ya daraja la chini. Daktari mmoja amenishauri nipasuliwe. Mwingine anasema inaweza kuondolewa kwa kamera. Je, hii ni saratani? Nimsikilize yupi? Je, utumbo wote unapaswa kuchunguzwa, na watoto wangu nao?"

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lile ambalo bila shaka linakunyima usingizi. Kwa majibu uliyonayo mkononi, huna saratani. Adenoma ni mkusanyiko wa seli za utando wa ndani wa utumbo ambazo zimeanza kuacha mpangilio wake wa kawaida, lakini bado zimo ndani ya utando huo, wala hazijapenya kwenye tabaka za chini ambako kuna mishipa ya damu na ya limfu ambayo saratani huitumia kusambaa. Ni kweli kwamba ikiachwa kwa miaka adenoma inaweza kugeuka saratani, na ndiyo sababu tunashauri iondolewe. Lakini mwendo huo kwa kawaida huwa wa taratibu, hasa displasia, yaani kiwango cha kuharibika kwa seli hizo, inapokuwa ya daraja la chini. Una wiki kadhaa za kujipanga, na nakusihi uzitumie vizuri.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu madhara mengi ninayoyahofia kwa mtu aliye katika hali yako hayatokani na polipu yenyewe bali na pupa ya kuiondoa. Jaribio la kwanza ndilo lenye nafasi kubwa ya kuimaliza polipu. Kila jaribio la nusunusu huacha kovu linaloushikamanisha utando na msuli ulio chini yake, na anayekuja baadaye hukuta kazi ngumu na ya hatari zaidi. Kwa hiyo swali la nani wa kumsikiliza kati ya madaktari wako wawili haliwezi kujibiwa kabla hayajajulikana mambo ambayo barua yako haiyataji: polipu hiyo iko umbali gani kutoka kwenye tundu la nyongo, sura yake ikoje inapotazamwa kwa karibu, na kama iko peke yake.

Utumbo mdogo una sehemu tatu. Ya kwanza ni duodeni, yenye urefu wa takriban sentimita 25, inayoanzia pale tumbo linapoishia na kuzunguka kichwa cha kongosho. Kisha hufuata jejunamu na ileamu, ambazo hujikunja tumboni kwa mita kadhaa hadi kufikia utumbo mpana. Ingawa utumbo mdogo unachukua takriban robo tatu ya urefu wote wa njia ya chakula, saratani zinazoanzia humo hazifiki 5 katika kila saratani 100 za njia hiyo. Sababu zinazotajwa ni kwamba chakula hupita humo kikiwa majimaji na kwa kasi, bakteria ni wachache kuliko katika utumbo mpana, na seli za utando wake hubadilishwa upya kila baada ya siku chache. Hata hivyo, saratani hizo chache hazikugawanyika sawasawa. Zile zinazotokana na adenoma hupatikana zaidi katika duodeni, na ndani ya duodeni hupatikana zaidi kandokando ya mahali nyongo na majimaji ya kongosho yanapomwagika. Hapo ndipo panapohitaji jicho la daktari zaidi kuliko mahali pengine popote pa utumbo huo.

Si kila kinyama kinachoonekana katika duodeni ni adenoma, na hili linafaa kujulikana na yeyote anayeshika ripoti yenye neno polipu. Wengine huwa na tezi za Brunner zilizokua kupita kiasi, wengine vipande vya utando wa tumbo vilivyojitokeza mahali pasipo pake, wengine uvimbe wa mafuta uliofunikwa na utando mzima, wengine mkusanyiko wa tezi ndogo za limfu. Vingi kati ya hivyo havina haja ya kuondolewa. Upo pia uvimbe unaotokana na seli zinazotoa homoni, ambao hutibiwa kwa kanuni zake. Wewe umekwisha kupewa jina la adenoma na mwanapatholojia, yaani kipande kimetazamwa kwa hadubini. Iwapo ripoti inasema ni ya umbo la mirija, hilo ni afadhali kuliko umbo la vijidole virefu. Na displasia ya daraja la chini ni afadhali kuliko ya daraja la juu, ambayo huiweka polipu jirani kabisa na saratani. Ukubwa nao una uzito wake: adenoma ya milimita 4 na ile ya milimita 25 hazibebi hatari moja, hata zikiwa na majibu yanayofanana.

Hapa kuna tahadhari ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi. Kipande kinachonyofolewa kwa koleo la endoskopi, yaani kamera ya tumboni, ni kidogo mno, cha milimita 2 au 3, na kinawakilisha mahali kilipotoka tu. Displasia ya daraja la juu inaweza kuwa imejificha upande wa pili wa polipu ileile. Ndiyo maana hatuiamini biopsi, yaani kipande hicho, peke yake. Tunaitazama polipu yote, kwa muda wa kutosha, kwa mwanga wa kawaida na kwa ule mwanga wa rangi maalumu ambao endoskopi za kisasa zinao. Utando wa duodeni ulio mzima unapotazamwa kwa karibu huonekana kama zulia la vijidole vyembamba, vya rangi moja, vinavyoyumba ndani ya maji. Adenoma hukatiza zulia hilo: vijidole vinanenepa, vinabanana au vinatoweka, mpaka wa eneo lenyewe unaonekana wazi, na mara nyingi ncha zake huwa na weupe wa maziwa. Sehemu iliyobonyea katikati, wekundu wa peke yake, kidonge kigumu kinachoinuka juu ya eneo bapa, au mahali ambapo mistari ya utando imefutika kabisa, ni dalili za kutufanya tushuku kwamba seli zimezidi kuharibika. Ukubwa nao haupaswi kukisiwa kwa jicho tu, kwa kuwa kamera hukuza na kupotosha; ni vizuri upimwe kwa kulinganishwa na kifaa chenye upana unaojulikana, kwa mfano kitanzi cha kukatia polipu kilichofunguliwa. Ukiambiwa kwamba biopsi irudiwe mara ya pili na ya tatu kabla ya polipu kuondolewa, uliza kwa nini, maana kila unyofoaji unaweza kuacha kovu lile nililolitaja.

Sasa tuje kwenye tundu la Vater, ambalo ndilo mlango wa nyongo na majimaji ya kongosho. Liko katika sehemu ya pili ya duodeni, sehemu hiyohiyo ilipo polipu yako. Endoskopi ya kawaida hutazama mbele, na kwa kuwa tundu hilo liko pembeni, mara nyingi nyuma ya mkunjo, endoskopi hiyo inaweza kupita bila kuliona sawasawa. Kuna kofia ndogo ya plastiki inayovalishwa kwenye ncha ya kamera ili kusukuma mikunjo na kuona nyuma yake, na kuna endoskopi maalumu inayotazama ubavuni. Kwa mtu mwenye adenoma katika sehemu hiyo, ripoti isiyosema kama tundu limeonekana na kama polipu imeligusa ni ripoti ambayo haijakamilika. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumwomba daktari wako alithibitishe, hata ikibidi kipimo kirudiwe bila kukata chochote.

Tofauti si ndogo. Polipu iliyo ukutani, mbali na tundu, huondolewa kama nitakavyoeleza. Polipu iliyo juu ya tundu lenyewe huhitaji kwanza kujua kama imeingia ndani ya mfereji wa nyongo au wa kongosho, na kwa hilo tunatumia MRI ya mifereji au endoskopi yenye kipimo cha mawimbi ya sauti kwenye ncha yake. Ikiwa haijaingia ndani, inaweza kukatwa kwa kamera pamoja na tundu, kazi ambayo huambatana na kuweka stenti ndogo, yaani kijirija cha kuuacha wazi, kwenye mfereji wa kongosho na dawa ya njia ya haja kubwa, indomethasini au diklofenaki, ili kupunguza uwezekano wa kongosho kuvimba. Hata kwa tahadhari zote hizo, kongosho kuvimba ni madhara yanayojulikana vizuri ya tiba hiyo, na mgonjwa anapaswa kuyasikia kabla ya kuweka sahihi.

Umeuliza kama utumbo wote uchunguzwe. Jibu langu lina pande mbili. Utumbo mpana, ndiyo, bila kusita. Watu wenye adenoma ya duodeni hukutwa na polipu za utumbo mpana mara nyingi kuliko watu wengine wa umri wao, na utumbo mpana ndiko saratani inakotokea kwa wingi. Kama hujafanyiwa kolonoskopia kamili, yaani kipimo cha kamera cha utumbo mpana, katika miaka ya karibuni, ifanywe sasa, na kwa mtazamo wangu ina umuhimu sawa na kuiondoa hiyo polipu uliyonayo. Jejunamu na ileamu ni habari nyingine. Kwa mtu mwenye adenoma moja ya duodeni, asiye na historia ya ugonjwa huo katika familia, asiye na upungufu wa damu wala dalili za kuziba, na ambaye utumbo wake mpana umekutwa hauna polipu nyingi, sioni sababu ya kuusaka utumbo mdogo wote. Uchunguzi huo una watu wake, na kwa hao ni wa lazima.

Wa kwanza ni wale wenye ugonjwa wa kurithi wa polipu nyingi za utumbo mpana, unaojulikana kwa herufi FAP, unaotokana na hitilafu katika jeni ya APC. Wengi wao sana hupata adenoma za duodeni katika maisha yao, na baada ya utumbo mpana kuondolewa, duodeni ndiyo hubaki mahali pa kuogopwa zaidi. Kwao tunatumia vipimo vya Spigelman, vilivyochapishwa mwaka 1989, ambavyo hutoa alama kwa idadi ya polipu, ukubwa wake, umbo lake kwenye hadubini na daraja la displasia, kisha jumla ya alama humweka mgonjwa katika hatua kuanzia 0 hadi IV. Mwenye hatua ya 0 au I anaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kupimwa tena. Mwenye hatua ya IV hutazamwa kila baada ya miezi sita hivi na huzungumza na daktari wa upasuaji mapema. Katika ufuatiliaji wa miaka 10 wa kundi moja la wagonjwa hao, zaidi ya theluthi ya walioanzia hatua ya IV walipata saratani ya duodeni. Kundi hilo la hatua ya IV lilikuwa dogo, kwa hiyo idadi hiyo isichukuliwe kama hukumu, lakini inaeleza kwa nini hatua hiyo haichezewi. Uchunguzi wa duodeni kwa wenye FAP huanza katika umri wa miaka 20 hadi 25. Wenye polipu zinazotokana na jeni ya MUTYH, ambayo mtu huugua tu akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia, huanza baadaye, karibu na umri wa miaka 35.

Wa pili ni wenye ugonjwa wa Peutz-Jeghers, ulioelezwa na Jan Peutz wa Uholanzi mwaka 1921 na Harold Jeghers wa Marekani mwaka 1949, unaotokana na hitilafu katika jeni ya STK11. Alama yake ni madoa meusi au ya kahawia kwenye midomo na ndani ya mashavu, ambayo huonekana utotoni na yanaweza kufifia mtu akikua. Polipu zao si adenoma na hupenda zaidi jejunamu. Hatari yake ya haraka kwa mtoto huwa si saratani bali utumbo kumezana: polipu kubwa huvutwa mbele na mwendo wa utumbo, ikaburuta ukuta iliposhikilia, sehemu moja ya utumbo ikaingia ndani ya nyingine na kuziba, hata damu ikakosa kupita. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa utumbo mdogo wao huanza karibu na umri wa miaka 8, na polipu zinazofika milimita 15 hadi 20, au ndogo kuliko hizo zikiwa zinaleta dalili, huondolewa kabla hazijaleta balaa hilo.

Kwa watu hawa, na kwa yeyote anayepoteza damu bila chanzo kuonekana kwa kamera za kawaida, tunayo kapsuli yenye kamera, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ina urefu wa takriban milimita 26 na upana wa milimita 11. Mgonjwa huimeza, nayo hupiga maelfu ya picha kwa saa nane au zaidi, kisha hutoka na choo. Ni chombo kizuri kwa jejunamu na ileamu, lakini katika duodeni hupita kasi mno, na mara nyingi tundu la Vater halionekani kabisa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kapsuli itatosha kuichunguza duodeni yako. Tena kapsuli haiwezi kuchukua kipande wala kukata, na mahali palipobana inaweza kukwama, ndiyo maana mtu mwenye dalili za kuziba hupigwa picha kwanza au humezeshwa kapsuli ya majaribio inayoyeyuka. Ikishamezwa, MRI hairuhusiwi mpaka ithibitike kwamba imetoka. CT na MRI za utumbo, zinazofanywa baada ya mgonjwa kunywa maji mengi maalumu ili utumbo utanuke, huonyesha polipu kubwa na mabadiliko ya ukuta, lakini adenoma bapa ya milimita chache huzikwepa kwa urahisi.

Kapsuli ikionyesha polipu ndani kabisa, hufikiwa kwa endoskopi yenye maputo, njia iliyotangazwa na Hironori Yamamoto wa Japani mwaka 2001. Puto moja liko kwenye ncha ya kamera na jingine kwenye mrija unaoivika. Yakijazwa na kutolewa upepo kwa zamu, utumbo hukunjwa polepole juu ya mrija, na kamera ya mita 2 huweza kufika mahali ambapo zamani palifikiwa kwa kisu tu. Huchukua muda mrefu, huhitaji usingizi mzito, na ina hatari zake za kutoboka na kongosho kuvimba, lakini imewaepusha watoto wengi wenye Peutz-Jeghers upasuaji wa kurudiarudia.

Nirudi kwenye polipu yako. Ikithibitika kwamba iko mbali na tundu, kwamba haina dalili za saratani inapotazamwa, na kwamba ukubwa wake ni huo wa milimita 14, basi naungana na daktari wako wa pili: iondolewe kwa endoskopi. Kumpasua mtu tumbo kwa adenoma ya kiasi hicho yenye displasia ya daraja la chini ni kumpa tiba nzito kuliko ugonjwa. Lakini naongeza sharti, na sharti hili nalitilia mkazo kuliko jingine lolote katika jibu hili: iondolewe na mtu anayefanya kazi hiyo katika duodeni mara kwa mara, mahali penye damu ya kuongezewa, CT, na daktari wa upasuaji wa karibu. Mtu aliyezoea kuondoa polipu za utumbo mpana si lazima awe mtu wa duodeni.

Ukuta wa duodeni ni mwembamba sana. Umejaa mishipa ya damu, na jeraha linalobaki huoshwa muda wote na nyongo na vimeng'enya vya kongosho ambavyo kazi yake ni kuyeyusha nyama. Tena nafasi ya kuzungusha kamera ni finyu. Kwa hiyo kidonda ambacho katika utumbo mpana kingepona bila taabu, hapa kinaweza kuvuja damu siku kadhaa baadaye au kutoboka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ukiwa umelala kwa dawa, daktari huchoma sindano nyembamba kupitia endoskopi na kuingiza chini ya utando majimaji yaliyochanganywa na rangi ya buluu. Polipu iliyokuwa bapa huinuka juu ya mto wa buluu, ikajitenga na msuli. Hili lenyewe ni kipimo: isipoinuka, huenda kuna kovu la biopsi, au seli zimeshuka chini, na daktari mwenye busara husimama hapo afikirie upya. Ikiinuka vizuri, kitanzi cha waya huwekwa kuizunguka pamoja na ukingo mdogo wa utando mzima, kikabanwa, na polipu ikakatwa kwa umeme unaopitishwa kwenye waya. Kwa ukubwa wa milimita 14 tunajitahidi itoke ikiwa kipande kimoja, kwa sababu mwanapatholojia hawezi kusema kingo ziko salama akipewa vipande vilivyosambaratika. Wapo wanaojaza duodeni maji badala ya kuchoma sindano, polipu ikaelea na kukamatwa humohumo majini. Baada ya kukata, daktari hutazama sakafu ya jeraha: ikiwa ni ya buluu tupu, msuli uko salama, ukionekana mduara mweupe, msuli umeguswa na pafungwe papo hapo. Kisha jeraha hufungwa kwa klipu ndogo za chuma pale inapowezekana, jambo ambalo kwa jeraha linalozidi sentimita 1 mimi naliona la lazima katika duodeni.

Polipu ndogo, hasa zisizofika milimita 6, hukatwa kwa kitanzi bila umeme, na damu ya siku za baadaye huwa nadra sana. Njia hiyo ya bila umeme sasa inatumiwa pia kwa polipu kubwa zinazotolewa vipande vipande, kwa kuwa hupunguza kuvuja kwa damu, ingawa mabaki huweza kuwa mengi zaidi. Njia ya kuchimba chini ya polipu kwa kisu kidogo cha umeme, inayosifiwa sana kwa tumbo na utumbo mpana, nisingekushauri uikubali katika duodeni isipokuwa mikononi mwa wachache waliobobea, maana kutoboka hutokea mara nyingi mno.

Polipu kubwa zikitolewa kwa umeme, takriban mtu 1 kati ya 10 huweza kuvuja damu baadaye, na uwezekano huo hupanda sana polipu inapozidi sentimita 3. Yako iko chini ya hapo. Mara nyingi damu huja ndani ya siku mbili za mwanzo, lakini huweza kuchelewa hata wiki mbili, kwa hiyo usipange safari ndefu katika kipindi hicho. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kizunguzungu unaposimama: rudi hospitali siku hiyohiyo. Maumivu makali ya tumbo au ya mgongo yenye homa nayo yasisubiri asubuhi. Sehemu ya pili ya duodeni iko nyuma ya mfuko unaofunika matumbo, kwa hiyo ikitoboka, picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuonekana safi kabisa. Kipimo kinachohitajika ni CT, na ni haki yako kuliomba hilo. Kama unatumia warfarini, klopidogreli au dawa nyingine inayozuia damu kuganda, mwambie daktari mapema ili mpange pamoja na aliyekuandikia, usiiache mwenyewe.

Daktari wako wa kwanza hakukosea kuufikiria upasuaji, kwani una mahali pake: polipu isiyoinuka kwa sindano, ile inayozunguka sehemu kubwa ya duodeni, ile iliyoingia ndani ya mifereji, hatua ya IV ya Spigelman isiyodhibitika, au saratani iliyothibitika. Kwa polipu ya mahali pamoja duodeni inaweza kufunguliwa na kukatwa hapo tu. Kwa ugonjwa ulioenea inaweza kuondolewa duodeni yote huku kongosho likibaki. Na kwa saratani ya eneo la tundu hufanywa upasuaji wa Whipple, unaoondoa duodeni, kichwa cha kongosho, kibofu cha nyongo na sehemu ya mfereji wake. Katika jejunamu, kukata kipande chenye ugonjwa na kuunganisha ncha mbili ni kazi nyepesi zaidi. Kuhusu vidonge, selekoksibu na mchanganyiko wa sulindaki na erlotinibu vimepunguza polipu kwa wenye FAP katika majaribio ya kitabibu, lakini vina madhara yake na havichukui nafasi ya endoskopi. Kwa polipu moja kama yako havina kazi. Wala hakuna chakula au mitishamba inayoyeyusha adenoma, na anayekuuzia tumaini hilo anakupotezea ule muda niliosema unao.

Kuhusu watoto wako, kila kitu kinategemea kolonoskopia na historia ya familia. Kaa na wazee wenu uulize nani aliugua saratani ya utumbo, ya tumbo la uzazi au ya kongosho, na kwa umri gani. Ikiwa utumbo mpana wako hauna polipu nyingi na familia haina historia hiyo, watoto hawahitaji kipimo chochote cha pekee kwa sababu ya polipu yako moja. Zikikutwa polipu 10 au zaidi, omba kipimo cha jeni kwako kwanza, kwa sababu jeni mbovu ikishajulikana kwako, mtoto hupimwa kwa damu tu na kupewa jibu la uhakika. Katika FAP kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi, na hata pasipo historia haiwezi kufutwa moja kwa moja, maana baadhi ya wagonjwa huwa wa kwanza katika familia zao.

Polipu ikishatoka, majibu ya maabara ya kipande kizima ndiyo yenye neno la mwisho, wala si yale ya biopsi uliyonayo sasa. Yakibaki kuwa adenoma na kingo zikawa salama, utarudi kwa endoskopi baada ya miezi 3 hivi, daktari alitazame kovu kwa karibu, kisha baada ya mwaka 1, na baada ya hapo nafasi huongezwa kulingana na kilichoonekana. Mabaki yakikutwa, huwa madogo na huondolewa papo hapo. Yakitoka majibu kwamba kuna saratani iliyopenya chini ya utando, basi jambo limebadilika: utapigwa CT ya kifua na tumbo, na faili lako litazungumzwa kwa pamoja na daktari wa endoskopia, wa upasuaji na wa saratani. Kwa hiyo usiondoke hospitali kabla hujajua ni nani atakayekupa majibu hayo na lini, na ukiyapata, chukua nakala yako ya ripoti pamoja na picha zilizopigwa kabla ya polipu kukatwa.